Mgonjwa wa Jina la Kuazima

4 Februari

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumba hiyo. Mimi mzima, kazi ipo, mgongo tu unanisumbua kama unavyowasumbua wote wanaoinamia vifua vya watu kutwa nzima. Yule mkubwa wenu ameshapata viatu vya shule au bado anakokota vya baba yake? Mwambie kitinda mimba kwamba shangazi yake amemwekea kitambaa cha gauni, chekundu kama alivyotaka.

Naandika kwa sababu kwenye simu tumeshindwana. Mara ya mwisho ulinikatia wewe, mara ya kabla yake nilikukatia mimi, na sitaki turudi huko. Barua utaisoma mpaka mwisho hata kama umenuna.

Nimesikia kaka alianguka kutoka kwenye ngazi. Sikusikia kwako. Nimesikia kwa jirani yenu fundi cherehani, aliyekuja huku kununua vitambaa. Akaniambia huku anacheka, eti yule fundi paa wenu siku hizi akipanda ngazi anashika kifua na kusimama katikati, hapandi wala hashuki, mpaka siku moja akaanguka. Alidhani najua. Nikacheka naye ili nisiaibike, halafu nikaenda kujifungia chooni kazini.

Wifi, kazi yangu mimi ni kupiga picha mioyo ya watu. Nampaka mtu mafuta kifuani, naweka kifaa, natazama kwenye kioo jinsi moyo wake unavyofunguka na kujifunga. Nimeona mioyo ya watu nisiowajua hata salamu. Leo wa ndugu yangu wa tumbo moja unauma, na habari naletewa na fundi cherehani.

Unajua baba yetu alivyokufa. Alishika kifua siku nzima huku akiambiwa ni gesi. Basi nijibu bila kunizungusha. Kaka amekwenda hospitali? Wamempima moyo, au wamempa vile vidonge vyeupe vya kutafuna?

Mimi ninayesubiri jibu,
Wifi yako

19 Februari

Wifi,

Barua nimeipata. Sisi hatujambo. Mkubwa ana viatu. Kitinda mimba anaulizia gauni lake kila mtu akibisha hodi. Shuleni wameniondolea msaidizi mmoja, sasa napikia watoto mia tatu nikiwa na binti ambaye hata kitunguu anakikata kwa woga. Mikono yangu inanuka moshi hata nikiwa nimeoga.

Fundi cherehani ana mdomo mrefu kuliko mkasi wake, lakini hakusema uongo. Na kama hukuambiwa, aliyekataza ni kaka yako. Alisema, dada atakuja na kelele zake. Hayo ni maneno yake, siyo yangu, ingawa sikuyapinga.

Hospitali amekwenda, tena siyo mara moja. Alikuwa anakwenda peke yake na kurudi na vidonge vya tumbo. Yule daktari hapa mtaani tunamwita Bwana Vidonge. Hakumgusa kifua hata siku moja. Alimwuliza mtu wa wapi, akajibu wa mtoni. Bwana Vidonge akacheka. Akasema watu wa mtoni mna mioyo ya punda, mnapiga kasia tangu mnazaliwa, kapunguze pilipili. Mume wangu hajawahi kushika kasia. Anaogopa maji mpaka ya kisima.

Basi nikaenda naye. Unajua mimi ni mtu wa mlimani, hilo hamjawahi kulisahau kwenu na kwetu hawajawahi kulisamehe. Siku tuliyooana shangazi zangu walilia kama wako msibani, na nyinyi vigelegele mlivipiga vya kuhesabika. Tulipofika dirishani, karani wa mapokezi aliruka uso wa mume wangu kama anaruka dimbwi, akanitazama mimi, akatabasamu. Akasema, "Karibu mama. Huyu kijana wako wa kazi anasumbuliwa na nini?"

Kijana wa kazi. Ana mvi ndevuni, na huyo karani nadhani ni rika la binti yangu wa kitunguu. Nikamwambia ni mume wangu. Tabasamu likazimika pale pale. Tulikaa kwenye benchi mpaka wote waliotukuta wakaingia na kutoka, kisha tukaambiwa daktari ameondoka.

Tulipofika nyumbani nikamwekea kaka yako maji ya kuoga. Nikatoka nikamkuta ameegemea ukuta, jasho linamchuruzika na jua lilikuwa limeshazama. Hapo ndipo nilipochoka na adabu.

Sasa mambo yamenyooka. Amepimwa vizuri. Mishipa mitatu ya moyo imeziba. Wameandika aje huko kwenye hospitali yenu kubwa apasuliwe mwezi wa nne, wakasema asicheleweshwe. Usiniulize yamenyooka vipi.

Mpishi wenu

3 Machi

Wifi,

Natumaini mnaendelea vizuri, na kaka amekaa chini kama alivyoambiwa. Gauni la mtoto nimempa dereva wa basi la asubuhi, mfuateni stendi.

Ulisema nisiulize. Sikuuliza. Nilikwenda tu kwa msimamizi wa wodi yetu, mama mmoja mwema, nikamwomba amwekee kaka yangu kitanda cha dirishani. Akaniambia kutoka mji wenu anakuja mtu mmoja tu mwezi wa nne. Dereva wa lori. Mtu wa mlimani. Mishipa mitatu.

Wifi, dereva wa lori wa mji huo namjua mmoja, naye ni kaka yako. Nilimwona Desemba amebeba mfuko wa saruji bega hili na kitinda mimba bega hili, anaimba. Tangu lini ana mishipa mitatu?

Sasa nisikilize, kisha uninunie. Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano hapa. Tuliulizwa kwa nini watu wa jamii fulani wanafika mezani kupasuliwa na wengine hawafiki. Profesa wetu akasimama. Akasema miaka yote aliyofanya kazi hapa hajampasua mtu wa mtoni hata mmoja, kwa hiyo inaonyesha hawaugui moyo. Chumba kizima kikaitikia kwa kichwa. Mimi ndiye mtu wa mtoni pekee mle, ukiacha mama anayepiga deki. Nikanyoosha mkono, nikasema hawaletwi, wanarudishwa mlangoni na vidonge vya tumbo. Profesa akanitazama kwa upole kabisa. Akasema, "Dada, hesabu haina kabila." Wakacheka. Mimi nikakaa.

Na wewe sasa umempata mtu wa mtoni wa kwanza wa kufika kwenye meza ile, ukamgeuza mtu wa mlimani. Akipona, atahesabiwa kwenu. Profesa atasema, mnaona? Kaka yangu atapona na sisi tutabaki sifuri. Umemfuta, wifi. Baba alimpa jina, wewe umelivua kama shati.

Sijui niongeze nini bila kutukana.

Shangazi wa watoto

12 Machi

Wewe,

Hapa kila mtu mzima isipokuwa mmoja, na unamjua. Gauni limefika, limemkaa vizuri, amelala nalo. Salamu zimeisha.

Ndiyo. Nimempa jina la kaka yangu. Tulikwenda hospitali ya wilaya jirani, wasikotujua. Kaka yangu alitoa kitambulisho na kadi yake ya bima ya kazini bila hata kuniuliza mara mbili. Alisema, shemeji yangu ni mtu wangu, achukue. Nikasimama dirishani, nikasema huyu ni kaka yangu. Karani akasema karibu kaka. Aliingia asubuhi ile ile.

Unataka kujua kilichotokea mle ndani? Daktari alimwekea mkono kifuani. Basi. Mkono tu. Mume wangu alitoka akaniambia, "Mkono wake ulikuwa wa moto." Mtu mzima, baba wa watoto, anashangaa kuguswa na daktari. Nilitaka nirudi mle niwachape wote mmoja mmoja kwa mwiko wa shule.

Tena usinifundishe hasira. Wewe unawakasirikia wageni. Wale ni watu wangu. Wanaongea kama mama yangu, wanacheka kama wajomba zangu, na waliponitabasamia nilitabasamu pia, kwa sababu nilikuwa nataka kitu. Unajua inavyouma kutabasamu hivyo?

Unasema nimemfuta. Baba yenu alikufa na majina yake yote matatu, yalimsaidia nini? Mficha maradhi kifo humuumbua, nakubali, lakini sisi maradhi hatukuyaficha. Tumemficha mtu, kwa sababu ukimwonyesha mtu, maradhi yake hayaonekani. Wewe una hesabu zako, mimi nina mume. Sifuri yenu imesubiri miaka mingi, itasubiri na mwaka huu.

Yeye mwenyewe hakupenda. Alinung'unika siku mbili, kisha akamtazama kitinda mimba anavyoruka kamba uani, akasema sawa. Maji tumeyavulia nguo. Atakuja peke yake, mimi siwezi kuacha jiko. Ukimwona wodini, humjui. Niahidi.

Mke wa kaka yako, kwa jina lolote

8 Aprili

Wifi,

Amefika salama. Amekula, ametaniana na wauguzi, amelala. Nyie huko? Binti wa kitunguu anaendeleaje?

Nimeahidi, na ninatimiza. Mbele za watu namwita shemeji. Nikimwita hivyo anacheka mpaka mistari ya mashine inaruka, na muuguzi anakuja mbio. Nimempiga picha moyo. Nilikuwa napitisha kifaa mara mbili mbili pale pale, akaniambia dada tulia, unanitekenya. Moyo wake bado mzuri, wifi. Kuta zote zinapiga. Ni mishipa tu inayoulisha ndiyo imebana, na hiyo inatengenezeka. Siku yake ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Kuna kitu sikutegemea. Kitanda cha pili yuko mzee mmoja, kwenye kadi yake ni mtu wa mlimani, mwalimu mstaafu. Jana kaka alikuwa anajinung'unikia kwa lugha yetu kuhusu uji usio na sukari. Yule mzee akageuka akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, tena ya kijijini kabisa, na uji akautukana vizuri kuliko yeye. Kisha wote wawili wakatazama dari.

Kwa hiyo wewe siye wa kwanza kufikiria hili. Sijui nicheke au nivunje kitu.

Mpiga picha

15 Aprili

Wifi,

Kaa chini kabla hujasoma. Kaka yuko hai na anaongea. Natumaini watoto hawajambo.

Jumanne asubuhi nilikuwa wodini nikimpima yule mzee. Profesa akaingia na wanafunzi wake, wakasimama kwenye kitanda cha kaka. Profesa hakumsalimia. Alishika mguu wa kitanda, akaanza kuwafundisha. Huyu ni dereva, mtu wa mlimani, anakaa kwenye kiti kutwa, mishipa mitatu. Mtaona hivi mara nyingi kwa watu wa mlimani. Kisha akasema hivi, nakuandikia neno kwa neno: "Mtu wa mtoni akija na maumivu ya kifua, fikirieni tumbo kwanza. Moyo fikirieni mwisho." Wanafunzi wakaandika. Nilisikia kalamu zao.

Kaka akaketi. Waya mmoja ukachomoka, mashine ikaanza kulia. Hakupaza sauti. Akasema, "Mimi ni mtu wa mtoni. Sijawahi kuendesha lori. Naezeka mapaa. Andikeni tena."

Akataja jina lake, na la baba, na la babu, kama mtoto anayeitwa shuleni siku ya kwanza. Mwanafunzi mmoja, binti mwenye miwani, alipiga mstari kwenye alichoandika. Wengine walimtazama Profesa ili wajue wafanye uso gani. Profesa alitazama kadi, akanitazama mimi, akaondoka. Mzee wa kitanda cha pili alijigeuzia ukutani. Nami nilikuwa nimesimama na kifaa mkononi, mafuta yananidondokea kiatuni. Sijawahi kumpenda kaka yangu kama dakika ile, na sijawahi kuogopa hivyo.

Mchana wakaja watu wa utawala. Ni udanganyifu. Upasuaji umefutwa. Arudi kwao, aanze upya, alete barua ya daktari wa hospitali yake. Yaani Bwana Vidonge.

Jioni wakaja tena, wamelainika. Nadhani kuna mtu aliwaambia habari hii ikitoka nje haitapendeza. Wanasema kaka aseme kwamba dawa zilimchanganya akili, kwamba yeye ni yule dereva wa kwenye kadi, na Alhamisi watampasua kama ilivyopangwa. Asipokubali, kitanda anakiachia mtu mwingine Jumamosi.

Kaka amesema hapana. Nilimwuliza mara moja tu.

Dada yake

17 Aprili, kwa mkono wa dereva wa basi

Wifi, sina salamu.

Barua yako aliyeileta ni dereva wa basi, nimemshika hapo hapo aondoke na hii. Nimempigia mume wangu simu, ameniambia niwabusu watoto, akakata. Mimi hanisikii. Wewe ndiye dada yake mkubwa, ulimbeba mgongoni, wewe atakusikia. Alhamisi imeshapita lakini akikubali leo watampanga tena, hao wanajali fedheha tu. Msomee haya ninayoandika:

Baba watoto, jina lako lipo hapa nyumbani. Halijaenda popote. Wanalo watoto, liko kwenye madaftari yao, liko mdomoni mwangu kila siku. Ukilala siku mbili kwa jina la shemeji yako halitaibiwa. Kubali, upasuliwe, urudi, kisha tutakwenda wote mpaka kwa huyo Profesa tukamtukane mpaka achoke. Ninakuomba. Unajua mimi siombi.

Msomee, wifi. Kwa sauti. Leo.

11 Mei

Wifi,

Kwenye simu nilikwambia alivyopasuliwa na kwamba yuko hai. Sikukwambia yote. Anatembea sasa kutoka kitandani mpaka dirishani, anakula, anawatukana wauguzi kwa upendo. Wiki ijayo atarudi kwako. Kabla hajafika lazima uyajue haya.

Barua yako niliipata Ijumaa ile ile. Niliisoma nimesimama karibu na lifti, watu wananipita. Niliiweka mfukoni mwa koti la kazi. Sikumsomea.

Nisingeogopa kama ningedhani atakataa. Nilijua angekubali. Angesikia "unajua mimi siombi" angekubali palepale. Nami nimekaa mle ndani miaka yote nikiwasikia wanavyosema kuhusu sisi, nikinyoosha mkono na kuchekwa, na mtu pekee aliyewahi kuwafanya wanyamaze alikuwa ndugu yangu. Sikuweza kuwa mimi wa kumziba mdomo. Basi. Sina maneno mengine ya kujitetea, na haya siyo ya kujitetea.

Jumamosi walimtoa kitandani. Alikaa kwenye benchi la nje ya wodi na begi lake, anamenya chungwa, ananisubiri nimalize kazi nimpeleke kwangu. Chungwa likamponyoka. Yule mwanafunzi wa miwani alikuwa anapita. Alimlaza sakafuni, akaanza kumkandamiza kifua, akapiga kelele waje. Walipomwuliza huyu nani, alitaja majina yote matatu kama kaka alivyoyataja. Kwa majina hayo aliingizwa, kwa majina hayo alipasuliwa siku ile ile, na aliyempasua ni Profesa mwenyewe. Mikono yake haina kasoro, siwezi kusema uongo.

Nimempiga picha juzi. Ukuta wa mbele wa moyo wake haupigi. Umekaa tu, wenzake wanafanya kazi. Angekubali Ijumaa ile, akapasuliwa kabla ya chungwa lile, ungekuwa unapiga. Najua kwa sababu ndiyo kazi yangu kujua. Hatapanda tena paa.

Sasa nichukie, ukiwa unajua kila kitu.

Mimi

20 Juni

Wifi,

Natumaini amefika salama na mnaendelea. Hamjanijibu. Kaka kwenye simu anaongea habari za mvua.

Nitakueleza ya huku, usome usisome. Yule mzee, mwalimu mstaafu, alinifuata kwenye korido siku anaruhusiwa kuondoka. Akaninong'oneza jina lake la kweli. Baada yake akaja mama mmoja aliyepasuliwa mwaka jana, amerudi kliniki. Kisha mwingine. Wote wa mtoni, wote kwa kadi za wake, za waajiri, za majirani. Walitaka niwatunzie siri. Niliwaambia mimi siyo sanduku, waende kwenye mlango wa Profesa waseme. Nilidhani watanikimbia. Walikwenda. Walikwenda kwa pamoja, wamevaa nguo za kanisani na za msikitini, wakakaa mpaka akawafungulia.

Hakuomba radhi. Mkutanoni alisema takwimu zimeboreka. Takwimu. Nilitaka nimrushie kiti. Lakini wameamua kuanzia mwezi ujao mashine moja ya kupiga picha mioyo iende mitaa ya mtoni kila mwezi, na kwamba mtu yeyote mwenye maumivu ya kifua lazima apimwe moyo kabla hajapewa kidonge cha tumbo, awe wa mtoni au wa mlimani, na agizo hilo limepelekwa mpaka huko kwenu. Wamenipa mimi kwenda na mashine. Nimekubali, sikushukuru.

Nijibu hata kwa matusi.

Wifi yako, kama bado

9 Agosti

Wifi,

Watoto hawajambo. Binti wa kitunguu ameolewa, sasa nakata mwenyewe. Kaka yako anakusalimu. Mimi nilitaka nisikusalimu, nimeshindwa.

Barua yako ya mwezi wa tano nimekaa nayo chini ya godoro. Nimeichana mara moja, nikaiunganisha kwa uji wa ngano. Utasema wewe ulikuwa na hasira ya haki. Sawa, nami ninayo yangu. Ngazi zake zimelala nyuma ya nyumba. Watu wakija kutaka kuezekewa anakaa kwenye kiti chini, anaelekeza wengine kwa fimbo. Akitoka kisimani mpaka mlangoni anapumzika njiani. Hiyo ni Ijumaa moja, wifi. Uliishika mfukoni.

Nilimwambia. Ana haki ya kujua. Akaniuliza barua ilisemaje, nikaisema yote, sikusahau hata neno. Akasema, "Ningekubali." Halafu akasema dada alijua. Hakukasirika, na hilo likanikasirisha zaidi. Sasa tunajua wote watatu, tukae nalo. Sijakusamehe. Desemba njoo kama kawaida, nitakupikia, lakini usinikumbatie mbele ya watu kama vile yameisha.

Jumanne iliyopita ilikuwa kliniki yake, hapa hapa kwa Bwana Vidonge. Nilipanga niende mimi dirishani, niongee mimi, kwa lafudhi ya kwetu, mambo yaishe haraka. Karani ni yule yule. Akamruka kaka yako kwa macho, akanitazama mimi. Akasema, "Mama, mgonjwa wako ana nini leo?"

Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Nilifunga mdomo.

Akaniuliza tena. Nikatazama ukutani, kuna picha ya mtoto anayenawa mikono. Akauliza kama sisikii. Foleni nyuma ikaanza kunung'unika. Na unajua nani mwingine alikuwa ananitazama akinisubiri nijibu? Kaka yako. Amezoea. Amezoea, wifi, na mimi ndiye niliyemzoesha. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi miezi yote nimekuwa namsemea maiti aliye hai. Nilimshika bega tu, nikamsogeza mbele, nikarudi nyuma hatua moja.

Karani alikaa. Nadhani alidhani nitachoka. Mwisho akageuza uso, akamtazama mume wangu kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, akamwuliza, "Unaumwa nini?"

Kaka yako akavuta kiti cha mlinzi, akakaa. Akaanza tangu siku ile ya kwanza, tangu pilipili. Karani akamwambia kwa ufupi tafadhali, foleni ni ndefu. Akasema anaijua, yumo ndani yake tangu mwaka jana, akaendelea. Alisema ya vidonge. Alisema ya benchi. Alisema ya mkono wa daktari. Karani akafungua mdomo amkatishe, na nyuma yetu mama mmoja wa mtoni, sijui ni nani, amejishika kifua na kanga yake, akasema, "Mwacheni amalize. Na mimi nina yangu."

Mke wa kaka yako